Pindua sahani kwanza: maswali yenu kuhusu kauri za Kichina mnadani

Hamjambo wote. Mwezi uliopita niligusia kidogo tu ile sahani yangu ya Kichina niliyoipata mnadani huku Uingereza, basi simu haijapumzika. Kumbe tuko wengi wenye ugonjwa huu! Nimechagua maswali sita, mengine samahani, picha hazionekani vizuri, na wewe uliyenitumia picha ya sahani ikiwa na pilau juu yake nakuomba ule kwanza halafu upige tena.

Kwa wageni wa ukurasa huu, tunaongelea kauri ambazo Wachina walizitengeneza kwa ajili ya kuuza nje, nyingi zikitoka mji wa Jingdezhen, kuanzia karne ya 16 mpaka ya 19. Waholanzi, Waingereza, Wareno, Waswidi, baadaye Wamarekani, wote walikuwa wakipeleka oda zao na michoro yao. Ndo maana utakuta bakuli la mchuzi lenye mkono na mdomo, jagi la maziwa, sahani bapa yenye ukingo mpana, vitu ambavyo Mchina mwenyewe mezani kwake wala hakuwa na kazi navyo.

*

SWALI: Dada shikamoo. Niko Leicester, ndo mara ya kwanza kuingia mnada wa mtandaoni. Niliweka dau la pauni 60 kwa sahani ya buluu na nyeupe ya karne ya 18, nyundo ikagongwa kwangu, nikafurahi kweli. Kesho yake naletewa invoisi ya pauni 81.60 na mzigo wenyewe bado haujatumwa. Hawa si wameniibia? (Mgeni wa Mnada)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujaibiwa, ila hukusoma yale maandishi madogo, na usione aibu maana hata mimi mara ya kwanza nilipiga simu kwa hasira nikaishia kuomba radhi.

Tupige hesabu yako. Bei ya nyundo 60. Juu yake kuna komisheni ya mnunuzi, kwako inaonekana ni asilimia 25, hiyo ni 15. Halafu komisheni yenyewe inatozwa VAT ya asilimia 20, pauni 3. Halafu ule mtandao uliopigia dau nao unachukua chake, asilimia 5 ya nyundo, pauni 3 nyingine, na VAT yake senti 60. Jumla 81.60, iko sawasawa kabisa. Na nyumba nyingi za mnada hazifungashi mzigo, watakupa namba ya mtu wa kufungasha na huyo naye ana bei yake, kwa sahani moja usishangae ukiambiwa pauni 20.

Kwa hiyo siku nyingine anzia mwisho urudi mwanzo. Kama mfukoni una pauni 100 na usafiri ni 20, zinabaki 80, gawanya kwa 1.36 (maana kila pauni 1 ya nyundo inakutoka 1.36) unapata 58 na ushee. Huo ndo ukomo wako. Dau kwa kawaida linaruka kwa tano tano hapo, yaani 50, 55, 60, basi wewe unaishia 55, andika kwenye karatasi ubandike mbele ya kompyuta, na mwenzio akisema 60 mwache nayo aende nayo. Najua ni ngumu, ule moto wa mnada naujua, unamwona mtu usiyemjua kakupandia unahisi kama kakutukana.

Kama mnada uko mji unaofikika na basi, nenda mwenyewe siku ya kutazama. Utaishika kwa mkono wako, na ukipiga dau ukumbini hulipi ile ada ya mtandao. Mimi nilijifunza kwa gharama: nilinunua kombe kubwa kwa picha tu, ripoti ya hali ikasema "uchakavu mdogo wa kawaida", lilipofika nikaligonga kwa ukucha, badala ya kulia tiii kama kengele likasema ko. Ufa mwembamba kama unywele kutoka ukingoni mpaka katikati. Niliandika barua pepe tatu na jibu lililokuja ni kwamba masharti yao yanasema vitu vinauzwa kama vilivyo. Siku hizi kabla ya mnada nawaandikia waziwazi: je kuna ufa, kuna pengo, kuna sehemu iliyopakwa rangi upya, na naomba picha ya kitako. Maswali manne, jibu liwe la maandishi.

*

SWALI: Habari sister. Nipo Toronto, kuna kopo la tangawizi lenye mfuniko, buluu na nyeupe lenye maua meupe, chini lina duara mbili na herufi nne za Kichina. Katalogi imesema "alama ya Kangxi" na muuzaji wa hapa anadai lilitoka ikulu ya mfalme. Makadirio dola 150 mpaka 250. Nikikurupuka nitatajirika? (Baba Wawili)

JIBU: Hahaha baba, kaa chini kwanza.

Kangxi ni mfalme wa China, alitawala kuanzia 1662 mpaka 1722. Alama yake iko kwenye vyombo vyake ni kweli, lakini iko pia kwenye mamilioni ya vyombo vilivyotengenezwa miaka 150 au 200 baada yake. Wachina hawakuwa wanadanganya hapo, kwao ilikuwa ni heshima kwa enzi ya wakubwa. Na kinyume chake ndo kinachekesha zaidi, mwaka 1677 hakimu wa pale Jingdezhen alipiga marufuku mafundi kuandika jina la mfalme aliyeko kwenye vyombo, wasije wakavunja chombo na jina la mfalme likaishia jalalani, basi vyombo vingi vya Kangxi halisi vina duara mbili tupu, au mchoro wa jani, au vimewekewa jina la mfalme wa zamani Chenghua aliyetawala 1465 mpaka 1487. Na vya kuuza nje vingi havina alama yoyote. Kopo la maua meupe ya plamu kwenye buluu iliyopasukapasuka kama barafu, lenye herufi nne za Kangxi, mara nyingi ni la mwishoni mwa karne ya 19. Ni zuri, mimi ninalo moja naweka karafuu, lakini ikulu haijui habari zake.

Sasa lugha ya katalogi hiyo lazima uijue maana ndo pesa yako ilipo. Wakiandika "alama ya Kangxi" wanamaanisha alama ipo, basi. Wakiandika "alama ya Kangxi na ya kipindi hicho" hapo wanasema ni ya wakati huo kweli na wanaweka jina lao rehani. Wakiandika "mtindo wa Kangxi" ni kitu cha baadaye kilichoigizwa tu. Maneno mawili matatu hayo yanatofautisha dola 200 na dola elfu ishirini. Ukikuta pia neno CHINA kwa herufi za Kizungu chini, kumbuka sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa kuandikwa nchi zilikotoka, kwa hiyo chombo chenye neno hilo ni cha kuanzia 1891 kuja huku.

Mimi alama huwa naiangalia mwisho. Naanza na mguu, yaani ile pete ya chini ambayo chombo kinakalia. Sahani yangu ninayoisema iko hapa mezani naandika huku naitazama, ni ya miaka ya 1760 hivi, upana sentimita 23. Nikiipindua, kitako kina mng'ao wake (ile ngozi ya kioo inayofunika udongo) kama kawaida ila ile pete ya mguu iko uchi, udongo mkavu, ukipitisha kidole unahisi kama biskuti. Pale mng'ao unapokutana na udongo kuna mstari mwembamba wa rangi ya chungwa iliyofifia, kama chai iliyokaukia kwenye kikombe, hiyo ni chuma kidogo iliyomo kwenye udongo imepata hewa ndani ya tanuri. Punje tatu za mchanga zimenatia hapo hapo, hakuna aliyezisafisha kwa miaka 260. Ukiilaza kwenye mwanga, mng'ao si laini kama kioo cha dirisha, una vishimo vidogo kama ganda la chungwa, na rangi yake nyeupe ina ubuluu wa mbali. Ukingoni wamepitisha rangi ya kahawia nyembamba. Kuna na mikwaruzo ya visu, inaenda huku na huku bila mpangilio. Ukiona mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja au mguu umepakwa uchafu wa kahawia sawasawa pande zote kama mtu kachovya kwenye chai, jua kuna fundi kakaa nayo gereji.

Kingine cha kukusaidia ni rangi ya waridi. Ile pinki laini ya kwenye maua inatengenezwa kwa dhahabu, na kwenye vyombo vya Kichina ilianza kuonekana miaka ya 1720 hivi. Mtu akikuuzia chombo chenye maua ya pinki akakwambia ni cha Ming, mpe pole maana utawala wa Ming uliisha 1644.

Na tahadhari moja ya Paris. Kulikuwa na kiwanda cha Samson, kimeanza 1845, kazi yao ilikuwa kutengeneza nakala za vyombo vya zamani, na walizipenda haswa zile sahani zenye ngao za familia za Kizungu ambazo Waingereza matajiri waliziagiza China. Zinafanana mno. Mimi zimewahi kunitoa jasho, mpaka nilipoziweka pembeni ya ya kweli nikaona ile ya Mfaransa mng'ao wake una ukijivu na kila kitu kimenyooka mno, maua kama yamekwenda shule.

Kopo lako, dola 150 ukilipenda nunua.

*

SWALI: Shikamoo bi mkubwa. Bibi yetu alifariki Mombasa akaacha bakuli sita na sahani mbili, zina maua ya rangi rangi yaliyopigwa kama muhuri, nyumbani tumeziita sahani za Kichina tangu tukiwa wadogo. Kaka yangu yuko London anataka azipeleke mnadani tugawane. Nimepiga picha ya chini, zimeandikwa Maastricht na kuna mnyama amelala. (Mjukuu, Mombasa)

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Mwambie kaka asikate tiketi. Maastricht ni mji wa Uholanzi, na huyo mnyama aliyelala ni sphinx, yule wa hadithi mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, nembo ya kiwanda cha Petrus Regout. Viwanda vya pale vilileta bakuli na sahani nyingi sana pwani yetu, Unguja, Mombasa, Lamu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Yale maua yalipigwa kwa sponji iliyokatwa umbo, ukitazama kwa karibu utaona vitundu vya sponji yenyewe na petali zinapandiana kidogo pale mfanyakazi alipokuwa na haraka. Si kauri ngumu ya Kichina, ni udongo mweupe laini zaidi, pale palipomeguka utaona ndani pana rangi ya maziwa na panafyonza maji. Kauri ya kweli ikimeguka inang'aa kama jino.

Kwa nini wazee waliita za Kichina? Kwa sababu chombo kizuri cha kutoka baharini kilikuwa cha Kichina kwa karne nyingi, jina likabaki hata baharia alipobadilika. Nyumba za mawe za Lamu zina vile vidaka ukutani, safu juu ya safu za plasta, na humo ndimo vilipangwa vyombo vya Kichina kumwonyesha mgeni hii ni nyumba ya nani. Vilipoadimika au kupanda bei, Mholanzi akaingia kwenye vidaka vilevile.

Mnadani London bakuli sita za hivyo zitauzwa kwa fungu na pesa yake haitalipa hata begi la ziada la kaka. Gawaneni bakuli zenyewe, mko wangapi?

*

SWALI: Salaam kutoka Muscat. Kuna mnada una vikombe na visosi vya meli iliyozama, vina stika ya nyumba ya mnada ya Christie's "Nanking Cargo", bei si kubwa. Ni kianzio kizuri? Na rafiki yangu anasema ni haramu kununua vitu vya waliokufa maji. (Ibn Bahari)

JIBU: Wa alaikum salaam. Mambo ya haramu muulize sheikh wako, mimi nakupa ya vyombo.

Meli yenyewe iliitwa Geldermalsen, ya kampuni ya Kiholanzi, ilikuwa inatoka Guangzhou ikapiga mwamba Januari 1752. Shehena yake kubwa ilikuwa chai, kauri zilikuwa kama uzito wa kuituliza meli tu, chini kule ambako maji yakiingia hayaharibu kitu. Mwaka 1985 mzamiaji Michael Hatcher akaipata, na 1986 Christie's wakauza pale Amsterdam zaidi ya vipande 150,000 pamoja na vipande vya dhahabu. Chai ilioza miaka yote ile, na hiyohiyo chai iliyooza ndo ilivifunika vyombo visivunjike, hapo huwa nanyamaza kidogo.

Kama kianzio, ndiyo, kwa sababu moja: tarehe yake inajulikana bila ubishi. Ukishika kikombe cha Nanking Cargo umeshika kitu cha kabla ya Januari 1752, unaweza kukitumia kama rula ya kupimia vingine. Vingi ni vya kahawia nje na buluu ndani, au nyumba na mti na maji. Tazama mng'ao, vingi maji ya chumvi yamevikwaruza vikawa havimetimeti, na ukiviona viking'aa kama vipya lipa zaidi lakini chunguza zaidi. Stika ni karatasi, karatasi inahamishika kutoka kikombe kilichovunjika kwenda kwa kingine, hivyo mechisha namba ya loti (fungu la mnadani) na picha.

Vipo pia vya Tek Sing, jahazi la Kichina lililozama 1822 karibu na Indonesia likiwa na watu karibu 2,000, waliookolewa ni wachache. Bakuli na sahani zake, kama 350,000, ziliuzwa Stuttgart mwaka 2000, ni za bei chee kuliko zote, nyingi za mji wa Dehua huko China, zimechorwa kwa haraka na zina utamu wake.

Rafiki yako ana hoja hata nje ya dini lakini. Wanaakiolojia wengi wanachukia biashara hii, wanasema mzamiaji wa biashara anachukua kinachouzika, mbao na mifupa na mpangilio wa shehena vinapotea moja kwa moja, na ndo maana kuna mkataba wa UNESCO wa 2001 unaokataza kufanya biashara ya urithi ulioko chini ya maji. Mimi ninacho kikombe kimoja cha Geldermalsen. Sijanunua cha pili, na nikiulizwa kwa nini nakosa jibu lililonyooka.

*

SWALI: Mambo! Nikienda Kilwa huwa naokota vipande vya sahani za Kichina ufukweni, nina ndoo nzima. Naweza kuuza mnadani Ulaya? (Kijana wa Kusini)

JIBU: Hapana. Na acha kuokota.

Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa, huwezi kuvichimba wala kuvitoa nje bila kibali. Kenya nako wana sheria yao ya 2006. Nyumba ya mnada yenye akili itakuuliza umepata wapi na ukisema ufukweni wanafunga mlango, ukisema uongo unafungwa wewe.

Halafu kigae kimoja hakina bei, thamani yake iko pale kilipolala. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita Kilwa 1955 alisema historia ya Tanganyika iliyofukiwa imeandikwa kwa kauri za Kichina, maana vigae vilikuwa vya kuzoa kwa koleo. Wataalamu wanavitumia kujua ukuta huu ulijengwa lini, kisima kile kilichimbwa lini. Ukishatia kwenye ndoo umechana ukurasa. Nenda Kunduchi ukaangalie yale makaburi ya nguzo, utaona viduara mviringo kwenye plasta, matundu matupu. Kila tundu lilikuwa na sahani au bakuli, na kila moja alikuja mtu na kisu akasema moja tu haitajulikana.

Ndoo yako ipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale pale Kilwa Masoko, waambie ulikookota kila kimoja kama unakumbuka.

*

SWALI: Swali dogo tu. Nimenunua sahani ya karne ya 18 yenye maua ya pinki na dhahabu, naweza kulia chakula? Naweza kuweka kwenye mashine ya vyombo? Na ya kutundika ukutani je? (Mama Jikoni, Nairobi)

JIBU: Kulia, hapana, zile rangi za juu ya mng'ao zina madini ya risasi yenye sumu ndani yake, hasa ukiweka achari au ndimu. Keki kavu siku ya wageni sitakusema.

Mashine, hapana tena. Dhahabu itatoka raundi ya kwanza na pinki itafifia. Kama sahani iliwahi kuvunjika ikaungwa, gundi itaachia, na hapo ndo utagundua kwamba iliungwa. Bora ujue mapema, pitisha ile tochi ya zambarau wanayokagulia noti bandia, chumba kiwe giza, sehemu iliyopakwa upya mara nyingi inawaka tofauti na pengine.

Ukutani inawezekana, lakini zile waya za springi zenye kucha nne zinabana ukingo na siku joto likibadilika unasikia ti usiku. Chukua saizi kubwa kidogo kuliko sahani, kucha uzivishe mpira, au weka tu kwenye stendi.

Kuosha, tandika taulo ndani ya beseni la plastiki, maji vuguvugu, tone la sabuni, moja moja. Na vua pete.